Ng'ombe wa Paketi

Miaka kumi na mmoja nilichanganya rangi pale Viwandani,
zamu ya usiku, mashine nambari nne.
Samawati ya ile paketi ya maziwa uliyoikata kwa meno asubuhi
ni mkono wangu.
Makokha alitaka tutie weusi kidogo.
Nikamwambia hapana, iache ifanane na anga la Kajiado
kabla mvua haijaamua.
Akaguna. Ikabaki.

Na ng'ombe: mweupe, mabaka mawili, ua la njano mdomoni.
Ng'ombe asiyejua kupe wala ukame,
amesimama kwenye nyasi
nilizozipitishia kijani mara tatu ili zing'ae.
Elfu arobaini kwa saa walitoka,
wote wakitabasamu upande mmoja.

Sitasema uongo: ilikuwa nzuri.
Niliwahi kusimama dukani kwa Nyaboke, Mukuru,
nikajifanya nachagua mkate,
ili tu nimwone mtoto akimpapasa yule ng'ombe kwa kidole
huku mama yake akisaka sarafu kwenye kitambaa.

Lakini paketi haina umri.
Mkasi, au jino; maziwa yanachuruzika;
kona iliyokatwa inaanguka chini ya meza, pembetatu ndogo
isiyookotwa na mtu.
Chai inachemka, inanyweka, vikombe vinasuuzwa,
na ng'ombe wangu yuko nje ya mlango
amekunjwa, tumbo tupu,
anangoja upepo au maji,
chochote kitakachotangulia.

Mama yangu aliweka maziwa kwenye kibuyu
alichokirithi kwa nyanya yake.
Kilipopasuka alikishona kwa uzi wa mkonge.
Hakikuwa na picha. Ya nini?
Ng'ombe mwenyewe alikuwa pale,
akinuka, akipiga teke.

Mwezi wa nne mtaro wetu uliziba.
Maji yakapanda ngazi, yakaingia kwa Syokau bila hodi,
yakalowesha godoro la mtoto.
Tukashika majembe.
Nikavuta chupa ya soda, kisha kiatu, kisha vikopo vya yogati,
karatasi ya chokoleti iliyometa kama jino la dhahabu,
kisha wao:
kundi zima, wamelaliana matopeni,
bado wanatabasamu upande mmoja.
Nikasugua mshono mmoja kwa kidole gumba, nikasoma tarehe.
Miaka tisa.
Miaka tisa ndani ya uoza,
na samawati yangu haikuchujuka hata chembe.
Anga la Kajiado, vile vile, halijaamua.

Niliona fahari. Ndiyo, fahari,
nimezama magotini, Syokau ananitazama.
Kisha fahari hiyo ikanichachia kifuani
kama maziwa yaliyolala bila kuchemshwa.

"Hizi si ni zako?" akauliza, kwa mzaha tu;
anajua nilikofanya kazi.
Nikasema ni zangu.
Nikazitia guniani moja baada ya nyingine.
Tulifika mia mbili na kumi, tukachoka kuhesabu,
na mtaro haukuwa umefika nusu.

Nne nimezibakiza.
Nimezijaza udongo, nimepanda sukuma dirishani.
Usinisifu. Ni nne.
Leo alfajiri nimenunua nyingine, baridi, imejaa,
ikanilalia kiganjani kama kitu kilicho hai,
na ng'ombe wa siku hizi, nakiri, wamemchora vibaya:
samawati imezidi weusi.
Nimeikata kwa jino.
Kona imeruka, imeanguka chini ya meza.
Chai inafurika jikoni
nami nimepiga magoti sakafuni, napapasa,
bado naitafuta.